Huduma ya kwanza kwa aliyezama: dakika ambazo Ghuba ya Chole haiwezi kusubiri gari la wagonjwa

Kutoka ufuko wa Utende hadi Hospitali ya Wilaya ya Mafia iliyopo Kilindoni ni takribani kilomita 15 za barabara. Kwa mkazi wa Chole, Juani au Jibondo, safari hiyo hutanguliwa na nyingine ya mashua, na maji yanapokuwa yamekupwa mashua huenda isifike ufukweni kabisa, ikabaki imekaa juu ya mchanga ikisubiri maji yajae. Ubongo wa binadamu, kwa upande wake, huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 baada ya kukosa oksijeni. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya dharura husisitiza kuwa aliyezama huokolewa kwanza na waliopo naye pale pale, iwe ni nahodha, mchokoaji wa pweza, mkulima wa mwani au mtoto wa shule aliyefundishwa, na hospitali huendeleza kazi ambayo tayari imeanzishwa.

Huduma inayozungumzwa hapa ni ile ya kukisukuma kifua na kumpulizia pumzi mtu aliyepoteza fahamu na kuacha kupumua, ambayo watoa huduma za afya huiita kwa kifupi CPR. Haihitaji dawa wala mashine. Inahitaji mikono miwili, pumzi ya mwokoaji na utaratibu ambao mtu mzima wa kawaida anaweza kujifunza kwa saa chache.

Ghuba ya Chole imezungukwa na kisiwa kikuu cha Mafia pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye eneo la kilomita za mraba 822. Maji ya ghuba huingia na kutoka kwa nguvu kupitia Mlango wa Kinasi unaoelekea bahari kuu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakazi wanaufahamu vizuri mzunguko huo, kwa sababu shughuli zao hufuata mwezi: bamvua likiupwa mwamba, watu hutoka kuchokoa pweza, na maji yakirudi hurudi kwa kasi inayoweza kumkuta mtu akiwa mbali na nchi kavu, begani ana mzigo, na mara nyingi hajui kuogelea. Kuna pia wavuvi wa kuzama kwa pumzi, watoto wanaocheza kwenye magati, abiria wa mashua za kuvuka, na wageni wanaokuja kuzamia matumbawe. Hatari hizo hazifanani, lakini zote huishia katika hali moja: mtu ametolewa majini, amelegea, hapumui.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji mwaka 2021, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Aprili 2021, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitenga Julai 25 ya kila mwaka kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Duniani. Nchini Tanzania, tukio la Novemba 6, 2022, wakati ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, lilionesha kwa uwazi nani hufika kwanza. Walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwemo ndani ya ndege hiyo, 24 walinusurika.

Kumtoa majini

Mwokoaji asiongeze idadi ya wanaozama. Mtu anayetapatapa hushika chochote kilicho karibu naye, na akimshika mwokoaji shingoni wote wawili huenda chini. Kwa hiyo kinachotangulia ni kumrushia kitu kinachoelea: kamba yenye boya, jaketi okozi, au dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara, ambalo halikosekani katika chombo chochote cha uvuvi. Pondo au kasia humfikia aliye karibu. Kuingia majini ni kazi ya mwogeleaji mzoefu, naye pia aende na kitu cha kuelea.

Kusukuma kifua ndani ya maji hakufai kitu, kwa sababu mgongo hauna pa kuegemea. Mwokoaji aliyepata mafunzo, akiwa na kifaa cha kuelea, anaweza kumpulizia pumzi aliyezama akiwa bado majini iwapo nchi kavu iko mbali. Asiye na mafunzo hayo amlete haraka ufukweni au chomboni.

Ufukweni, alazwe chali kwenye mchanga mgumu uliolowa, si kwenye mchanga laini unaodidimia, na mwili wake uwe sambamba na mstari wa maji ili kichwa na miguu viwe katika usawa mmoja. Ufuko ukiwa na mteremko, kumlaza kichwa kikielekea baharini huongeza uwezekano wa matapishi kuingia kwenye njia ya hewa. Katika mashua yenye sakafu ya mbao, alazwe juu ya mbao hizo. Katika mtumbwi au ngalawa isiyo na nafasi ya kupiga magoti kando yake, mwokoaji anaweza kukaa upande wa kichwani na kusukuma kifua akiwa hapo, huku wengine wakielekeza chombo kwenye nchi kavu iliyo karibu zaidi. Ni mkao mgumu, lakini ni bora kuliko kusubiri.

Kumkagua

Aitwe kwa sauti na atikiswe mabega. Asipoitika, mwokoaji apaze sauti kuomba msaada, kisha amwinamishe kichwa kwa nyuma akiwa amekiweka kiganja kimoja kwenye paji la uso, na kwa vidole viwili vya mkono mwingine ainue kidevu. Hatua hiyo huuondoa ulimi uliolegea katika njia ya hewa. Kisha ainame, sikio likiwa karibu na pua ya mgonjwa na macho yakitazama kifua, asikilize na aangalie kwa muda usiozidi sekunde 10.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kwa dakika chache kutoa pumzi za vipindi, kama mkoromo au kama samaki aliyetolewa majini anavyofungua kinywa. Huko si kupumua. Asiyeitika na ambaye hapumui kwa utaratibu wa kawaida ahesabiwe kuwa hapumui, na kazi ianze mara moja. Kutafuta mapigo ya moyo mkononi au shingoni si kazi ya asiye mtaalamu, kwani hata wataalamu hukosea katika hali hiyo.

Pumzi kwanza

Katika miaka ya karibuni, kampeni nyingi za afya duniani zimekuwa zikiwahimiza wananchi wasukume kifua tu bila kupuliza pumzi. Ushauri huo ulitolewa kwa ajili ya mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, ambaye damu yake bado ina akiba ya oksijeni. Aliyezama yuko katika hali tofauti. Moyo wake umesimama kwa sababu oksijeni imekwisha, hivyo kuisukuma damu bila kuongeza hewa ni kuzungusha damu isiyo na kitu. Tofauti hii inastahili kukaziwa katika kila kijiji cha pwani, kwa kuwa ujumbe wa kifua pekee ndio unaoonekana zaidi katika simu za mkononi.

Kwa aliyezama, huduma huanza na pumzi. Miongozo ya Baraza la Ufufuaji la Ulaya huelekeza pumzi 5 za mwanzo, wakati ya Chama cha Moyo cha Marekani huelekeza 2. Zote mbili zinakubaliana juu ya jambo la msingi, kwamba hewa itangulie. Mwokoaji amzibe mgonjwa pua kwa vidole, amfunike kinywa chote kwa kinywa chake, na apulize kwa takribani sekunde moja, kiasi cha kuona kifua kikiinuka. Kisipoinuka, kichwa kirekebishwe na pumzi irudiwe. Kupuliza kwa nguvu kupita kiasi huijaza hewa tumboni na kuleta matapishi. Kwa mtoto mchanga, kinywa cha mwokoaji hufunika kinywa na pua kwa pamoja, kichwa hakiinamishwi sana, na pumzi huwa ndogo, kiasi cha hewa iliyomo mashavuni.

Povu jeupe au lenye rangi ya waridi linaweza kutoka kwa wingi kinywani na puani. Mwokoaji asipoteze muda kulifuta, kwani litaendelea kutoka. Apulize juu yake. Wengi hutapika wakati wa huduma. Ikitokea, mgonjwa ageuzwe ubavu kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili, kinywa kisafishwe kwa kidole kilichofungwa kitambaa, arudishwe chali na kazi iendelee.

Kusukuma kifua

Mwokoaji apige magoti kando ya kifua. Aweke sehemu ngumu ya chini ya kiganja kimoja katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari, na kiganja kingine juu yake, vidole vikiwa vimefumbatana na kuinuliwa ili visibane mbavu. Viwiko vinyooke na mabega yawe juu ya mikono, ili nguvu itoke katika uzito wa mwili. Kwa mtu mzima, kifua kiingie ndani angalau sentimita 5, bila kupita 6. Kwa mtoto ni theluthi moja ya unene wa kifua: takribani sentimita 5 kwa mkubwa na 4 kwa mchanga. Kwa mtoto mdogo, kiganja kimoja kinaweza kutosha. Kwa mchanga hutumika vidole gumba viwili, mikono ikiwa imekizunguka kifua.

Baada ya kila msukumo, kifua kiachwe kirudi chote juu. Mwokoaji aliyechoka huanza kuegemea, na moyo ulioegemewa haujazi damu.

Kasi inayotakiwa ni misukumo 100 hadi 120 kwa dakika, yaani inakaribia miwili kwa kila sekunde. Misukumo 30 hufuatwa na pumzi 2, kisha 30 tena na 2 tena, bila kukatisha. Hesabu ina mtego wake katika lugha ya Kiswahili. Kutoka moja hadi kumi maneno ni mafupi na mkono huenda nayo, lakini anayeendelea na "kumi na moja, kumi na mbili" hadi "ishirini na tisa" hujikuta akipunguza kasi ili ulimi umalize neno. Njia rahisi ni kuhesabu moja hadi kumi mara tatu. Misukumo hiyo 30 huchukua sekunde 15 hadi 18 ikiwa kasi ni sahihi.

Kazi hii huchosha kuliko inavyodhaniwa. Hata fundi wa Jibondo aliyezoea kupiga kalafati siku nzima ataona ndani ya dakika mbili mikono ikianza kulegea. Wawepo watu wa kupokezana kila baada ya dakika 2, na kupokezana kusichukue zaidi ya sekunde chache. Mbavu huweza kulia au kuvunjika, hasa kwa wazee. Hilo lisimsimamishe mwokoaji, mbavu huunga.

Mwokoaji aliye peke yake bila mtu wa kumtuma atoe kwanza huduma kwa takribani dakika moja, ndipo apige simu, akiiweka kwenye kipaza sauti huku akiendelea kusukuma. Akiwa na mwenzake, mmoja ahudumie na mwingine apige simu na kuandaa chombo cha usafiri. Namba ya dharura ya Polisi ni 112 na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Katika visiwa vya ghuba, ni busara pia kila nahodha na kila uongozi wa kijiji kuwa na namba za zahanati ya karibu na za mwenye gari upande wa Utende, zikiwa zimeandikwa mahali panapoonekana, kwa sababu mpokea simu aliye Dar es Salaam au Kibaha hawezi kujua gati lipi lina maji saa hiyo.

Mambo ya kuachwa

Kumning'iniza aliyezama kichwa chini, kumzungusha kwa miguu, kumlaza kifudifudi juu ya pipa au kumbinya tumbo "ili maji yatoke" ni desturi za zamani, na si za pwani hii peke yake. Huko Amsterdam, ambako mwaka 1767 ilianzishwa jumuiya ya kuwaokoa waliozama, watu walibiringishwa juu ya mapipa na kupuliziwa moshi wa tumbaku. Mbinu ya kisasa ya kusukuma kifua ilitangazwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins nchini Marekani, na mwishoni mwa muongo uliotangulia Peter Safar alikuwa ameonesha kwamba pumzi ya kinywa kwa kinywa inatosha kumweka mtu hai.

Sababu ya kuziacha desturi hizo ni ya kimaumbile. Maji yanayoingia kwenye mapafu ya aliyezama kwa kawaida si mengi, na hayahitaji kumwagwa ili hewa iweze kuingia. Yanayotoka anapobinywa ni ya tumboni, na yakitoka huenda moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Kila dakika inayotumika kumning'iniza ni dakika ambayo ubongo haupati kitu.

Ipo pia habari inayosambazwa ya watu waliofufuka baada ya kukaa chini ya maji kwa muda mrefu mno. Visa hivyo vipo, lakini karibu vyote vilitokea katika maji ya barafu ya nchi za kaskazini, ambako baridi hupunguza haraka mahitaji ya ubongo. Bahari ya Mafia ina joto la nyuzi 25 hadi 30 kwa mwaka wote, na haitoi kinga hiyo. Aliyezama chini ya dakika 5 ana matumaini makubwa. Kadiri muda unavyopita, matumaini hupungua. Hata hivyo, waliopo ufukweni mara chache hujua kwa hakika mtu amezama tangu lini, hivyo wasianze kwa kukata tamaa. Kazi isimamishwe pale mgonjwa anapopumua mwenyewe, mtaalamu wa afya anapoipokea au kuamua kuisitisha, waokoaji wanapoishiwa nguvu kabisa, au mahali panapokuwa pa hatari.

Suala la haya halipaswi kupuuzwa. Wengi wa wakazi wa Mafia ni Waislamu, na mwanamume kuweka kinywa chake juu ya kinywa cha mwanamke asiye maharimu wake, au kumsukuma kifuani mbele ya watu, ni jambo linaloweza kuisimamisha mikono ya mtu mwema. Kanuni ya fiqhi kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa inajulikana kwa kila aliyesoma madrasa, na kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa malengo makuu ya sheria. Imamu akilieleza hilo msikitini kabla ya msiba, litasaidia kuliko mabishano ufukweni. Kanga au leso inaweza kushikwa na wanawake kuzunguka mahali pa huduma kama pazia. Kuwafundisha wanawake wengi zaidi huliondoa tatizo kwa sehemu kubwa, hasa kwa kuwa wao ndio wanaokuwa pamoja miambani na kwenye mashamba ya mwani. Huko Nungwi, Unguja, Mradi wa Panje ulifuata mantiki kama hiyo ulipowafundisha wasichana kuogelea kwa mavazi yenye kuwasitiri.

Mwokoaji anayeogopa maambukizi anaweza kutumia barakoa ya kupulizia, ambayo ni ndogo na hukaa katika sanduku la huduma ya kwanza. Vituo vya uzamiaji huwa na mitungi ya oksijeni kwa ajili ya wazamiaji, na nahodha anayejua kituo kilicho karibu ana msaada ambao zahanati nyingi ndogo hazina. Mashine ya kushtua moyo, ikipatikana, ifungwe baada ya kifua kukaushwa, lakini pumzi zisisubiri mashine.

Akizinduka

Anayeanza kupumua mwenyewe alazwe ubavu, kichwa kikiwa kimeinamishwa kidogo nyuma na kinywa kikielekea chini, avuliwe nguo zilizolowa na afunikwe. Asipewe maji wala chai. Asiachwe peke yake, kwa kuwa pumzi zinaweza kukatika tena.

Apelekwe hospitali hata kama amekaa, anaongea na anataka kwenda nyumbani. Maji ya bahari yaliyofika kwenye mapafu huosha utando unaoviweka wazi vifuko vya hewa, na mapafu yanaweza kuanza kushindwa kazi saa kadhaa baadaye. Kikohozi kisichokoma, pumzi za haraka, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa ni dalili za kurudishwa hospitali bila kungoja asubuhi.

Mafunzo ya huduma ya kwanza hutolewa na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, na elimu ya uokoaji hutolewa pia na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Serikali za vijiji, vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za bahari, shule na wamiliki wa vyombo wanaweza kuomba mafunzo hayo kwa pamoja kupitia ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Sanamu za mafunzo hazipatikani kila mahali, lakini mto uliojazwa na kukazwa, au jaketi okozi lililokunjwa, hutosha kuzoesha mikono mahali pa kuweka na kasi ya kwenda nayo. Ujuzi huo hufifia ndani ya miezi michache usiporudiwa, na siku za maji mafu, wakati uchokoaji wa pweza umesimama, watu wa ghuba huwa na nafasi ya kuurudia.